Mkono wa Fundi na Mifuko ya Noeli

Mkono wa fundi cherehani anayekaa mlango wa pili kutoka kwangu niliuvunja mimi, kwa mchi wa kutwangia sombe, yaani majani ya muhogo, siku tatu kabla ya Noeli. Nasema mapema ili mtu asije akasikia kwa wengine akadhani nilificha. Sikusukumwa. Sikulewa, maana pombe siijui. Niliinua mchi kwa mikono miwili nikaushusha, na mfupa ukapasuka kwa sauti ndogo, ndogo kuliko nilivyotegemea.

Mimi nilisoma madarasa matatu tu, huko Kivu ya Kusini, halafu baba akasema msichana amesoma vya kutosha. Nilifika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, na kitenge kimoja na sufuria moja. Niliuza mkaa. Niliuza samaki wa ziwa waliokaushwa. Baadaye nikaanza kwenda Mbarara, kule Nyamityobora, kununua mabeseni na masufuria ya kuja kuuza huku kambini. Hakuna mwanaume aliyenishika mkono. Nilipoona nimejitosheleza, nilikwenda Masha nikanunua ng'ombe jike, mweusi mwenye baka jeupe kifuani, nikatembea naye kwa miguu siku mbili mpaka nyumbani. Watu walitoka kwenye nyua zao kutazama: mjane na ng'ombe wake. Sikuwasalimu wote. Nilichagua.

Ng'ombe hutaka chumvi. Milimani kwetu wanaume waliimwaga kwenye gogo lililochongwa kama mtumbwi mdogo, ng'ombe wakaja kulamba wote pamoja. Mimi sikuwa na gogo wala mtu wa kunichongea. Nilinunua chumvi ya dukani, ya mfuko wa plastiki, nikauchezesha ule mfuko karibu na sikio lake. Akiusikia unalia, alikuja mbio hata kama alikuwa mbali machungani. Alilamba chumvi kiganjani mwangu, na ikiisha niliupindua mfuko ndani nje nikamwachia aulambe, kwa sababu mimi sipotezi kitu. Maganda ya ndizi yalikwenda kwa mbuzi, majivu yalikwenda chooni, maji ya kuoshea mchele yalikwenda kwa nguruwe wa jirani aliyeniletea mbolea. Nilijisifu kwa watu kwamba kwangu hakuna kinachotupwa. Mara nyingine ng'ombe aliuchukua mfuko mdomoni akaondoka nao. Niliona. Nilicheka.

Noeli huku kambini huanza na mifuko hiyo. Waganda wanaiita kavera, nasi tumezoea kusema hivyo. Walio na kazi Mbarara wanarudi na mchele kwenye kavera, viatu vya watoto kwenye kavera, nywele za kusuka kwenye kavera, na vyote hivyo ndani ya kavera moja kubwa. Waimbaji wa kanisani wananunua maji ya matunda ya mfuko, wanauma pembe, wananyonya, wanatupa. Shimo la takataka lipo mwisho wa mtaa wetu, lakini wiki za sikukuu hakuna anayefika. Unatupa nyuma ya ua, upepo unafanya kazi iliyobaki.

Halafu kuna desturi yetu ya sufuria. Siku ya sikukuu huruhusiwi kukwangua. Sufuria likikwanguliwa, majirani watasema nyumba ile ilikuwa na njaa. Kwa hiyo unapika kwa ajili ya macho ya watu, na kinachobaki unamfungia mgeni kwenye kavera. Mgeni amepita nyumba sita, ana kavera sita za wali na mchuzi, hawezi kula, anazitupa njiani. Mimi pia nilifanya hivyo miaka yote. Mimi hasa, maana nilitaka waone kwamba sufuria langu halina mwisho.

Mwaka ule wageni walianza kufika mapema na ng'ombe wangu akaanza kukonda. Maziwa yalipungua. Nikasema ni majani makavu. Asubuhi moja nilimkuta amelala, ubavu wa kushoto umevimba kama ngoma, povu puani. Nilipiga magoti, nikamsugua, nikamwita. Alikufa akirusha miguu, na teke moja likanipata gotini. Goti hilo mpaka leo linauma mvua ikikaribia.

Sikulia. Nilikumbuka maneno. Siku chache nyuma ng'ombe alikuwa ameingia kwenye maharage ya fundi, na fundi alisimama mbele ya watu akasema, "Mama, hii ng'ombe yako ikirudi tena fasi hii, mimi nitaiua." Watu walisikia. Mimi nilisikia kuliko wote.

Nilimkuta mlangoni kwake na cherehani yake, nguo za Noeli za watoto wa mtaa mzima zimening'inia kwenye kamba juu ya kichwa chake. Mke wake alikuwa anatwanga sombe pembeni.

"Umeiua," nikamwambia.

"Nimeua nani?"

"Usiniulize nani. Ng'ombe yangu iko chini. Ulisema utaiua, umeiua."

"Mama, angalia hizi nguo. Batoto wote banangojea. Niko na wakati gani wa kuua ng'ombe?" Akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka. Sasa najua kilikuwa cha mtu aliyechoka. Siku ile nilisikia dharau.

Nilimnyang'anya mke wake mchi. Fundi aliinua mkono kujikinga, mkono wa kulia, ule wa mkasi. Nimeshaeleza sauti ya mfupa. Shati lake jeupe lilibaki na alama ya kijani ya sombe. Mke wake alinirukia mgongoni akaniuma sikio, mimi nikampiga kiwiko cha tumbo, tukaanguka sote kwenye kinu, sombe ikamwagika. Mtu mmoja alinichapa fimbo mgongoni, sijui nani, lakini alichapa vizuri. Wanaume watatu walinikalia mpaka nikanyamaza. Fundi akapandishwa bodaboda kwenda zahanati, mkono wake umefungiwa kwenye ubao wa kupimia nguo.

"Mumupasue ile ng'ombe," mke wake akapiga kelele. "Kama kuna sumu, ionekane! Mupasue batu baone!"

Yupo mtu mtaani kwetu anayetuchinjia mbuzi siku za harusi. Alichukua kisu chake akampasua ng'ombe wangu mbele ya wote. Hewa ilitoka kwa nguvu, harufu ikawarudisha watu nyuma hatua kumi. Aliingiza mikono mpaka mabegani kwenye lile tumbo kubwa la majani, akavuta, akashindwa, akaweka mguu kwenye mbavu akavuta tena. Likatoka tonge kubwa kama kichwa cha mtu, jeusi, limesokotwa na kamba na nyasi. Alilifumua chini kwa ncha ya kisu. Kavera ya mkate. Kavera za maji ya matunda, zote pembe zimeumwa. Kavera za wali wa wageni. Na katikati, zimebanana, mifuko ya chumvi. Sikuihesabu. Mtaani kwetu watu wananunua chumvi ya kupimiwa kwenye karatasi. Ya mfuko ule nilikuwa nanunua mimi peke yangu, na kila mtu alijua, kwa sababu nilipenda waijue.

"Muangalie sumu!" mke wa fundi akasema. "Sumu ni chumvi yake mwenyewe!"

Hakuna aliyecheka. Ningependa wacheke.

Sisi watu wa kanisa hatuli mnyama aliyekufa mwenyewe. Wanaume walichimba shimo mpaka saa sita mchana. Watoto walisimama na mabakuli, wakidhani labda wazee watabadili mawazo, mpaka udongo ulipofunika kwato. Nimepita vita mbili na sijaona hasara ya kunyamazisha watu kama ile: ng'ombe mzima anafukiwa kwenye wiki ya Noeli, na walio na njaa wanatazama.

Siku ya Noeli watoto walikwenda kanisani na nguo za zamani, maana mpya hazikumaliziwa. Kila nguo ya zamani iligeuka kunitazama. Ibada ilipokwisha mzee wa kanisa alinifuata mlangoni.

"Mama, tutakaa kikao mbele ya wazee, Bonane ikipita," alisema. Bonane ndiyo sikukuu yetu ya mwaka mpya. "Mkono wa fundi umevunjika fasi mbili. Hatashona miezi mingi. Na wewe..." Akakohoa. "Na wewe uko na ule mutamba."

Hakumaliza, hakuhitaji. Kwetu ukimwaga damu ya jirani unapeleka mnyama. Mtamba yule alikuwa mtoto wa ng'ombe aliyekufa, jike, mwaka mmoja na nusu, baka lilelile kifuani. Nilikuwa nimebaki naye tu. Nilimwambia mzee kwamba mtamba wangu atatoka kwangu nikiwa nimelala kwenye sanduku. Akasema, "Basi tutaonana," akaenda kula.

Kesho yake nilimkuta mtamba anatafuna kavera ya bluu. Imeshaingia nusu. Alijifunza kwa mama yake, na mama yake alijifunza kwangu. Nilitia mkono kooni, akasaga kidole changu kwa magego mpaka ukucha ukang'oka, nami nikavuta, kavera ikatoka ndefu na ute na damu, sijui ya nani. Nilikaa chini kwenye mavi yake nikaelewa. Wazee wanaweza kumchukua wiki ijayo. Kavera inaweza kumchukua leo. Nikaamua wazee wasubiri zamu yao.

Nilianza vita nyumbani kwangu. Binti yangu alikuwa amekuja kula sikukuu kutoka Kakiika, anakolima shamba la mtu, na alikuja na mchele kwenye kavera tatu. Nilimpiga kofi, mwanamke mzima mwenye watoto wawili. Alishika shavu.

"Mama, sasa utatupiga sisi wote mpaka Bonane?"

"Ikibidi."

"Na nyama ya Bonane batu batabebea kwenye nini? Kwenye ngumi yako?"

Jibu alikuwa nalo yeye mwenyewe. Alisema Kakiika majani ya migomba yanaozea chini, na kwamba mimi, niliyezaliwa kwenye nyumba iliyofungia kila kitu kwenye majani, nimesahau kwa sababu ya kujifanya mtu wa mjini. Lile lilikuwa kofi lake. Nililipokea.

Tukaenda naye. Kakiika tulikata majani tukayapitisha juu ya moto kidogo yalegee yasipasuke, tukayafunga mizigo minne. Nikapita Nyamityobora kununua vikapu na nyanya. Mwenye nyanya alikuwa mama wa Kinyankole, mnene, mcheshi, aliyeniita nyabo, yaani mama.

"Nyabo, shika, hii kavera ni ya bure."

"Sitaki."

"Sasa nyanya nabeba na nini? Na kichwa?"

"Weka kwenye kikapu."

"Kikapu nachafuka, nyabo. Wewe chukua tu, ni ya bure!"

Akaisukuma kavera ndani ya kikapu changu kwa nguvu. Nilishika furushi lake lote la kavera nikalichana kwa meno. Alinirushia nyanya, kisha ya pili, hiyo ikanipasukia kwenye paji la uso. Mimi nikamwaga meza. Walinzi wa soko walitutenganisha na binti yangu akalipia vilivyopondeka huku akiomba radhi kwa lugha tatu. Nilirudi Nakivale na mbegu za nyanya kwenye kitambaa cha kichwa, juu ya mizigo ya majani, na watu njiani wakidhani ni damu. Sikuwasahihisha.

Kuanzia hapo nilipita nyumba kwa nyumba na fimbo. Nilisema hivi: Bonane hii mgeni aje na sahani yake, nyama ifungwe kwenye jani, maganda nipeni nilishe mbuzi wangu, na kavera zilizopo tayari zikusanywe nizichukue mimi mwenyewe. Wengine walinipa mara moja. Si kwa upendo. Walikuwa wameuona mkono wa fundi ukiwa kwenye bandeji. Hofu ile niliitumia. Sisemi ni vizuri, nasema ilifanya kazi. Wengine walinimwagia maji ya vyombo. Mwanaume mmoja alinisukuma kwenye ua wa miiba nikatoka na mistari usoni. Nilimpiga fimbo ya ugoko, akachechemea mpaka kanisani. Jioni nilikuwa nazijaza kavera kwenye magunia ya chakula cha msaada, nazikanyaga kwa miguu, nayashona magunia kwa sindano ya mkeka.

Nikaivunja na desturi ya sufuria. Mchana wa kuamkia Bonane nilipika wali wa watu niliowaalika tu, si wa macho ya mtaa. Walipomaliza nilikaa mlangoni, sufuria katikati ya miguu, nikalikwangua kwa kijiko cha chuma mpaka likasikika nyumba ya tano. Bibi mmoja alijifunika uso. "Aibu gani hii, mama? Uko na mali na unakwangua?" Nikamwambia anyooshe sahani, ukoko ni mtamu. Akanyoosha.

Bonane yenyewe ilianza vizuri. Majani yalionekana mikononi mwa watu, hata kwa walionichukia. Nilianza kufikiri nimeshinda. Kisha nikasikia mtamba analia, nikazunguka nyuma ya nyumba.

Mke wa fundi alikuwa zizini. Alikuwa amepasua gunia langu moja na kisu, amelimwaga lote chini ya miguu ya mtamba, na bado alikuwa analikung'uta. Mtamba alishaokota mfuko mmoja.

"Na yeye afe," aliniambia bila kukimbia. "Mkono ya bwana yangu uliuvunja, hukuuliza. Mimi pia siulizi."

Niliruka ua. Tulipigana kwenye mavi na plastiki kama mbwa. Alinishika nywele, nikamshika koo. Alinigonga uso kwenye mti wa zizi mara mbili na jino moja likatoka, nikalitema. Nilitafuta jiwe kwa mkono, nikalipata. Nililiinua. Nataka msomaji ajue kwamba nililiinua na kwamba sikuwa nafikiria kumtisha.

Mkono mmoja ulinishika kifundo cha mkono kwa nyuma, wa kushoto. Alikuwa fundi.

"Inatosha," alisema. "Nyinyi babili mutamaliza mtaa. Hii mutamba haikukosea mutu."

Jiwe likaanguka. Fundi hakututazama. Alimshika mtamba taya kwa mkono ule mmoja, akambana shingo kwa goti, akaukamata mfuko kwa meno yake mwenyewe, kwa sababu hakuwa na mkono wa pili, akauvuta ukatoka. Alitema. Kisha akainama akaanza kuokota kavera, moja moja. Mke wake alikaa chini akalia. Mimi nilisimama na damu mdomoni, nikimtazama akiokota.

Kikao kilikaa nyuma ya kanisa. Nilikuwa nimeandaa maneno: nimesafisha mtaa, nimepoteza ng'ombe, nimepoteza jino, na mke wake alitaka kuua mnyama wangu. Maneno mazuri. Mzee wa kanisa alimwuliza fundi anataka nini.

"Nataka mkono," fundi akasema. "Kama mama hana mkono wa kunipa, basi mutamba." Akanyoosha vidole mezani. Viwili havikunjiki. Alijaribu kuvikunja mbele yetu, jasho likamtoka, havikukunjika.

Maneno yangu niliyaacha mdomoni. Nikasema, "Nitamleta mwenyewe. Asije mtu kwangu na kamba." Samahani sikusema. Mtamba ni mkubwa kuliko neno, na aliyetaka vyote viwili angeniambia siku ile.

Nilimpeleka asubuhi, mchana kweupe, watu wakitoka kwenye nyua zao kama walivyotoka zamani. Mke wa fundi alipokea kamba. Hatukutazamana machoni.

Sasa fundi anashona tena, polepole, mkasi ameuhamishia kushoto. Mtamba amenenepa. Kila asubuhi napita mbele ya ua wao na dumu langu, nasema nakwenda kuchota maji, ingawa bomba liko upande mwingine na wote wanajua. Nachungulia. Natafuta kavera moja, hata kipande, kwenye zizi au chini ya cherehani, ili niende kwa wazee niseme hawawezi kumtunza, nirudishiwe mnyama wangu.

Mke wa fundi anakuwa ameshafagia. Anasimama na ufagio mkononi, ananingoja.

"Hata leo hakuna, mama," ananiambia.

Naenda zangu.